Jinsi Lava ya Kasitu Ilivyopata Jina Lake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro asubuhi, nimevaa sketi ya bluu na viatu vya ngozi nilivyoazima kwa kaka yangu, vikubwa mpaka nikavijaza magazeti kwenye vidole. Ofisi ya jiolojia ya kanda ilikuwa hapa Sumbawanga mjini, jengo la vyumba vinne, kimoja kimejaa masanduku ya mawe toka sakafuni hadi darini. Ilikuwa mwezi wa Juni, na anayeijua Juni ya Ufipa anajua baridi yake. Mjiolojia wa Kanda, mzee mrefu mwenye sweta la kijani lililotoboka viwikoni, hakuniomba cheti. Aliingiza mkono kwenye sanduku, akanipa jiwe jeusi.

"Hili ni nini?"

Nilikuwa nimetoka shule nikiwa na majibu mengi. "Ni basalti, mzee. Lava iliyopoa."

"Sikukuuliza jina," akasema. "Nimekuuliza ni nini. Rangi yake? Chembe zake unaziona kwa macho au huzioni? Lina vitundu? Ukilivunja linavunjikaje?"

Nilikaa na lile jiwe mpaka saa nne. Nilipomrudishia karatasi yenye mistari kumi na miwili, aliisoma yote, akaiweka mfukoni. "Jina linakuja mwisho," akaniambia. "Ukianza na jina, macho yanafunga kazi." Kisha akanionyesha ndoo na brashi, nikaosha sampuli za mawe hadi jioni.

Nilizaliwa Milepa, kule chini bondeni, katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi. Mama yangu aliposikia nimeajiriwa kuwa msaidizi wa jiolojia aliniuliza, "Serikali imekusomesha miaka yote hiyo ili uokote mawe?" Nilicheka, lakini swali lile nilitembea nalo muda mrefu, na ninaandika haya kwa ajili ya vijana ambao mama zao nao wanauliza hivyohivyo.

Miaka ile tulifanya kazi kwa miguu. Tulikuwa na picha za anga, yaani picha zilizopigwa toka kwenye ndege, ambazo ukiziweka mbili mbili chini ya miwani maalumu unaona milima imesimama. Tulikuwa na dira, nyundo, daftari lenye jalada gumu, na lenzi ndogo ya kukuzia iliyofungwa kamba shingoni. Asubuhi landrova inakuacha mahali, jioni inakusubiri mahali pengine, na kati ya hapo ni wewe na nchi. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kikosi. Wiki za mwanzo wenzangu walininyang'anya mzigo wa sampuli kwa huruma. Kufikia mwezi wangu wa tatu walikuwa wananiachia mzigo wangu na wakati mwingine wa kwao, nami nikajua nimepokelewa.

Nyanda za juu za Ufipa karibu zote ni miamba geu, mawe yaliyokandamizwa na kupikwa ardhini hadi yakasahau yalikuwa nini. Lava nilijifunza kwingine. Ofisi ilinipeleka chuo cha madini, kisha Tukuyu, ambako volkano ni za juzi kwa hesabu zetu sisi wa mawe. Mkuu wa Kituo kule alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa kurudia neno. Alinisimamisha mbele ya ukingo wa barabara iliyokatwa mlimani, akachora msalaba mavumbini.

"Simama hapa. Nionyeshe mlima huu ulitapika mara ngapi."

Mimi niliona ukuta mmoja mweusi. Akaniacha hapo, akaenda kunywa chai. Aliporudi nilikuwa nimeanza kuona. Lava inapotoka ardhini ni uji wa moto wenye hewa ndani yake. Hewa hupanda, kwa hiyo sehemu ya juu inapoa ikiwa na vitundu vingi kama mkate, na katikati inakuwa ngumu, imeshikamana. Chini yake udongo uliolaliwa na moto ule unaungua na kuwa mwekundu kama tofali. Ukiona wekundu, kisha ugumu, kisha vitundu, halafu wekundu tena, umeona mitiririko miwili.

"Mitatu," nikamwambia.

"Minne," akasema. "Lakini ule mmoja hata mimi ulinichukua wiki."

Ni yeye aliyenifundisha utaratibu wa majina. Miamba hupangwa kama watu wa ukoo. Kuna kundi, ambalo ndilo ukoo wenyewe. Ndani ya kundi kuna mafungu, na fungu linaweza kuwa na matawi. Chini kabisa, kwa miamba ya volkano, kuna mtiririko: lava iliyotoka mara moja, ikatanda, ikapoa. Hicho ndicho kizio kidogo kuliko vyote kinachoruhusiwa kupewa jina rasmi, na hakipewi ovyo. Lazima kitofautike na majirani zake kwa kitu ambacho mtu mwingine akienda atakiona pia. Lazima uonyeshe mahali pa mfano, ambapo mwamba unaonekana toka chini hadi juu. Na jina liwe la mahali palepale, mto au kilima au kijiji, lisiwe la mtu, wala lisiwe limekwisha tumika kwa mwamba mwingine.

Nilikaa Tukuyu miaka sita. Nikarudi masomoni, nikahitimu, na nilirudishwa Sumbawanga nikiwa mjiolojia kamili, ingawa bado kwenye kipindi cha matazamio. Kazi niliyokabidhiwa ilikuwa kurudia ramani ya sehemu ya Nkasi, upande wa Ziwa Tanganyika. Bosi wangu sasa alikuwa Msimamizi wa Ramani, mtu msafi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Ramani ya zamani tuliyokuwa tunairudia aliichora yeye mwenyewe alipokuwa kijana. Jina lake lilikuwa chini, kwenye kona.

Juu ya Kabwe, kwenye bega la mlima, kuna kijiji kinaitwa Kasitu. Ziwa wanaliona siku nzima, lakini maji ya kunywa yalikuwa chini kabisa ya mteremko. Kina mama walishuka alfajiri na ndoo tupu, wakarudi jua limekwisha kuwa kali. Watu wa maji walikwisha kuja, wakachimba kisima katikati ya kijiji, wakakuta mwamba mgumu, mkavu, wakaondoka. Baada ya hapo kijiji kiliandika barua ofisini kwetu kuuliza kama kuna tumaini.

Msimamizi alikuwa amekwisha kuandaa jibu. Kwenye ramani yake mlima wote ulikuwa na rangi moja: mwamba uliojipenyeza, yaani uji wa moto ambao haukuwahi kutoka nje, ukajisukuma ardhini na kupoa hukohuko kama donge moja. Donge halina matabaka, na pasipo na matabaka maji hayana pa kupita. Barua ilisema hakuna haja ya kuchimba tena. Ilihitaji saini ya mjiolojia aliyefika kijijini hivi karibuni, na huyo ningekuwa mimi.

"Nenda wiki tatu, hakikisha, rudi usaini," akaniambia.

Wiki ya kwanza niliona alichokiona yeye. Nilitembea kileleni, mwamba mgumu wa kijani-cheusi, kila mahali sawa. Nikaanza kuamini nitasaini.

Wiki ya pili nilimfahamu Mama Restituta. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Nilikwenda kumsalimia kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mpiga mawe?"

"Ndiye mimi."

"Basi kaa. Mpiga mawe naye anakunywa uji."

Alikuwa jikoni anasaga ulezi, amepiga magoti, anasukuma jiwe dogo juu ya jiwe kubwa. Nilikuwa nimeona mawe ya kusagia maisha yangu yote, kwa bibi yangu, kwa shangazi zangu. Lakini siku ile nilikuwa na lenzi shingoni. Jiwe lile kubwa lilikuwa la rangi ileile ya mlima, ila limejaa vitundu, vingine vitupu, vingine vimejazwa madini meupe. Nikapiga magoti karibu yake.

"Mama, jiwe hili mmelitoa wapi?"

"Kwenye mstari."

"Mstari gani?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa mlango wa nyumba yake uko wapi. "Mstari wa mawe ya kusagia. Jiwe lenye vidonda halipatikani kila mahali. Ukienda juu yake, jiwe linateleza, ulezi unakimbia. Ukienda chini, vilevile. Ni palepale tu, kiunoni mwa mlima. Bibi yangu alichukua hapo, na bibi yake."

"Linazunguka mlima wote?"

"Mimi nimelifuata hadi korongoni, kijito cha Kasitu. Wanawake wa upande wa pili wanalo la kwao. Kesho nitakupeleka, nikimaliza kupanda kutoka ziwani."

Sikumsubiri apande. Nilishuka naye ziwani alfajiri, nikabeba ndoo yangu. Naweza kusema nimebeba sampuli nzito katika kazi hii, lakini mteremko ule na ndoo kichwani sikuusahau. Tulipumzika mara nne. Yeye alipumzika kwa ajili yangu.

Kisha akanipeleka. Machimbo yalikuwa mashimo madogo madogo yaliyoota nyasi, moja baada ya jingine, na kwa siku tatu niliyafuata nikipima kila moja kwa dira na kipimo cha kimo. Yote yalikaa kwenye mteremko mmoja mpole unaoelekea upande wa shule ya kijiji. Donge haliwezi kufanya hivyo. Vitundu kwenye mstari mmoja, urefu wa maili, ni uso wa juu wa lava.

Lakini nilitaka zaidi, kwa sababu nilimjua bosi wangu. Nikaingia kwenye korongo la Kasitu, ambako kijito, ambacho kiangazi huwa kikavu, kimeukata mlima kama kisu. Hapo juu ya mwamba wenye vitundu kulikuwa na tabaka la mchanga uliogandamana na kokoto, pengine unene wake ulinifika magotini, pengine kiunoni. Nilivunja kokoto moja kwa nyundo. Ilikuwa na vitundu. Nikavunja ya pili, ya tatu. Kokoto zilikuwa vipande vya lava yenyewe.

Naomba msomaji aelewe kwa nini niliketi chini. Kama kokoto za lava zimo ndani ya mchanga ulio juu yake, basi lava ilikwisha kupoa, ikavunjwavunjwa na mvua na mito, ndipo mchanga ukaja. Mwamba uliojipenyeza chini ya tabaka lililokwisha kuwepo hauwezi kulitolea kokoto. Na juu ya mchanga kulikuwa na mwamba mwingine mgumu, na mchanga pale ulipokutana nao ulikuwa mwekundu kama tofali. Mlima ulitapika, ukapumzika, mto ukapita, kisha ukatapika tena. Kasitu ilikaa juu ya mitiririko miwili yenye mchanga katikati, na korongoni mchanga ule ulikuwa na unyevu, na ilikuwa Septemba, mwisho wa kiangazi.

Kwa hesabu yangu wachimbaji wa kwanza walisimama ndani ya lava ya juu, kabla ya kuufikia mchanga. Upande wa shule, ambako ardhi inashuka haraka kuliko matabaka, mchanga ungefikiwa mapema zaidi.

Nilirudi Sumbawanga na ramani mpya ya penseli. Msimamizi aliitazama akiwa amesimama.

"Umeandika nini hapa?"

"Mtiririko, mzee."

"Mimi niliandika mwamba uliojipenyeza."

"Ndiyo mzee."

Akasema polepole, "Skolastika, unajua bado uko kwenye matazamio. Na anayeandika taarifa yako ni mimi."

Nilijua. Nikaiacha ramani mezani, mbele yake. "Najua mzee. Nakuomba uje uone. Ukifika ukakuta ni kama ulivyochora, nitasaini barua siku hiyohiyo, na taarifa uandike utakavyo."

Alifungua kabati, akaifungia ramani yangu ndani. Siku nne hakusema nami neno. Siku ya tano niliikuta landrova imewashwa nje na yeye ameketi mbele, amevaa buti za porini ambazo sikujua anazo.

Goti lake lilikuwa bovu, na korongo la Kasitu si la watu wenye magoti mabovu. Alishuka kwa matako sehemu za mwisho, hakuruhusu mtu amshike mkono. Kisha akapiga magoti mbele ya lile tabaka, akavuta lenzi yake, akaanza kulikagua kutoka chini kwenda juu. Nilikaa mbali makusudi. Alifika kwenye kokoto, akavunja moja. Akavunja nyingine. Nadhani alivunja ishirini.

"Mimi nilipita kileleni," akasema mwishowe, bila kunigeukia. "Mvua zilikuwa zimeanza. Sikushuka huku."

Nikasogea karibu.

"Ile barua haitaenda," akasema. "Chukua daftari, nikusomee vipimo, uandike. Hapa ndipo mahali pa mfano."

Jioni tulipita kwa Mama Restituta. Msimamizi alimwambia kwa heshima kwamba aliwahi kufika kijijini zamani.

"Nakukumbuka," Mama Restituta akasema. "Ulikuwa kijana, umeshika makaratasi. Nilikukaribisha uji ukasema una haraka."

Msimamizi alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanywa vikombe viwili.

Wachimbaji walirudi mwaka uliofuata, wakaweka mtambo karibu na shule. Nilikuwepo. Siku ya kwanza bomba lilitoa unga wa kijivu tu, na watu wakaanza kunitazama pembeni. Siku ya pili, saa tano asubuhi, unga ukabadilika ukawa mchanga, mchanga ukawa tope, na tope likawa maji. Watoto walipiga kelele. Kina mama hawakupiga kelele mara moja. Walisogea taratibu, wakatazama, kama watu wanaosoma kitu kwa uangalifu kabla ya kukiamini. Mama Restituta akaanzisha wimbo, na hapo kwaya nzima ikapokea.

Likabaki jina. Kamati ya majina ilikaa makao makuu, chini ya Mkurugenzi, na mimi nikaitwa kuwasilisha. Nilieleza mtiririko wa chini, rangi yake, vitundu vyake, mipaka yake, mahali pa mfano.

"Tuuite Mtiririko wa Kabwe," akasema mjumbe mmoja. "Kabwe inajulikana."

Nikaonyesha kwamba jina hilo lilikwisha kutumika kwenye taarifa zetu kwa mawe ya mchanga ya ufukweni. Mwingine akasema basi upewe namba. Nikasema kanuni inaruhusu jina, na jina lipo: Kasitu, kijito kinachoukata.

"Ramani ya serikali inasema Kasutu," akasema Katibu wa kamati, ameweka kidole juu ya karatasi. "Tunafuata kilichochapishwa."

"Watu wa pale wanasema Kasitu, ndugu Katibu. Aliyeandika alisikia vibaya."

"Una ushahidi gani kwamba alisikia vibaya?"

Ndipo Msimamizi wa Ramani, aliyekuwa ameketi nyuma, akasimama akishikilia kiti.

"Mimi ndiye niliyeandika Kasutu," akasema. "Niliulizia nikiwa natembea, sikusimama kusikiliza. Mama huyu yuko sahihi. Andikeni Kasitu."

Ikaandikwa. Jina likishaingia kwenye orodha ya miamba halibadilishwi kwa kupenda, na wajiolojia wa nchi za mbali, ambao hawatakanyaga Nkasi kamwe, wanalisoma Mtiririko wa Kasitu, kwa i. Taarifa yangu ya matazamio aliiandika yeye kwa mwandiko wake mzuri. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya pili ilisema: anaona kabla ya kutaja.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipanda vyeo hadi nikakalia kiti cha Mjiolojia wa Kanda, katika chumba kilekile nilichooshea mawe. Nilichora ramani tano, nyingine nzuri kuliko ile. Wenzangu walipenda kunitania kwamba ningeuita ule mtiririko Skolastika wakati nafasi ilikuwepo. Nawaambia ukweli, sikuwahi kutamani. Mwanadamu anakaa mahali muda mfupi mno kuuazimisha mwamba jina lake. Fahari yangu ni kwamba nilikuta jina sahihi na sikuliacha lipotee.

Sasa niko Milanzi, nina bustani na magoti yanayonisema kila asubuhi. Mwaka huu, baada ya mavuno, alikuja mgeni, mjiolojia kijana, anaitwa Neema. Aliniamkia, akaketi, akatoa kompyuta ndogo bapa yenye picha za setilaiti. Vijana wa siku hizi wanauona mlima mzima wakiwa wameketi, na mimi sina wivu.

Alionekana ana jambo zito. "Mama, samahani," akasema. "Upande wa kaskazini wa mlima wa Kasitu, pale ulipoandika mtiririko mmoja wa juu, nimepita mara tatu. Nimekuta tabaka jembamba jekundu katikati. Nadhani ni miwili."

Alinionyesha picha. Nilivaa miwani, nikaikuza kwa vidole kama alivyonielekeza. Tabaka lilikuwepo, jembamba kama uzi. Mimi nilipita pale na sikuliona.

"Ni miwili," nikamwambia. "Umefanya kazi safi sana, mwanangu. Rekebisha."

Mabega yake yakashuka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akanitazama.

"Basi mama, kwa kuwa mlima huu ni wako, tuupe jina gani ule wa tatu?"

"Mimi siishi kule," nikamwambia. "Nenda ukakae na wenyeji, unywe uji, uwaulize wanapaitaje."